Ng'ombe wa Rangi Mbili

Dorah Kemuma alifukuzwa kazi yake ya kwanza kwa sababu ya rangi nyekundu. Alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ndogo huko Kisii, na taipureta aliyopewa ilikuwa na utepe wa rangi mbili: nyeusi juu, nyekundu chini. Mwenyekiti wa ofisi hiyo alikuwa na mazoea ya kusema "kwa kweli" kila anapovuta pumzi. Siku moja Dorah alipiga chapa kumbukumbu za mkutano, na kila "kwa kweli" ya mwenyekiti akaiweka kwa nyekundu. Ukurasa ukatoka kama mtoto mwenye surua. Wajumbe walicheka hadi machozi. Mwenyekiti hakucheka.

Dorah akarudi kwao na cheti chake, akaolewa na fundi seremala aliyeitwa Bogonko, wakahamia Migori kutafuta riziki. Bogonko alitengeneza vitanda na makabati. Mkewe akafungua chumba cha kutaipu upande wa nyuma wa karakana, ambako vumbi la mbao liliingia hata ndani ya chai. Siku za Sabato walifunga kote kuwili wakaenda kanisani, na huko nako Dorah aliwahi kuonywa na wazee kwa kuwachekesha wanakwaya katikati ya wimbo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye uso mtulivu kabisa, na uso huo ndio uliomwokoa mara nyingi. Ukimtazama ungeapa kwamba anafikiria mambo ya mbinguni.

Kompyuta ilimfikia kupitia mradi mmoja uliokuja Homa Bay kuwafundisha watu wa vyama vya wavuvi na wakulima kuandika programu kwa lugha ya Pascal. Mradi ulikaa kidogo, wafadhili wakaaga, wakaacha kompyuta kuukuu na wanafunzi waliokuwa ndio kwanza wameonja utamu. Mwaka wa 1998 wanafunzi hao wakaanzisha Baraza. Lilikuwa baraza la imeili: ukituma barua moja kwa anwani ya Baraza, inawafikia wanachama wote, mmoja akijibu, wote wanasoma. Trizah, karani wa shule mjini Homa Bay, ndiye aliyesimamia mashine ya kupokea na kusambaza. Dorah alikabidhiwa hifadhi. Kazi yake ilikuwa kuchukua barua zote za wiki, kuzigeuza kuwa kurasa za kusomeka kwenye kompyuta, kisha kuzinakili kwenye disketi na kuzituma kwa gari la mikate, ili yeyote aweze kutafuta nani alisema nini na lini.

Kwa miezi michache hakuna aliyelalamika. Kisha Cephas Awino akatuma programu yake.

Cephas alifanya kazi katika chama cha wavuvi huko Mbita, na alikuwa akiandika programu ya kujumlisha uzito wa samaki wanaoletwa kila asubuhi. Alikuwa kijana mwenye mbwembwe, anayejua kwamba anajua. Disketi ya wiki ilipofika kwake, alipiga simu Migori moja kwa moja.

"Nyar Kisii," alisema, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo bila hata salamu, "mimi nilituma samaki mzima. Wewe umeweka mifupa. Nyama nani alikula?"

"Samaki gani tena, Cephas?"

"Programu yangu, yawa! Mistari ya katikati haiko. Na ile imebaki imelala yote ukutani kama watu wamelewa!"

Dorah alifungua hifadhi akaona ni kweli. Programu zina alama ya "ndogo kuliko", ile inayofanana na mdomo wa ndege, na kumbe kompyuta inapoonyesha kurasa huidhani alama hiyo kuwa mwanzo wa amri yake yenyewe, ikameza kila kinachofuata. Tena nafasi zote ambazo Cephas aliziacha mwanzoni mwa mistari, ili jicho lione kipi kiko ndani ya kipi, zilikuwa zimefutika. Mtu asingeweza kusoma kitu hapo.

Kurekebisha hayo mawili hakukumpa taabu. Lakini alipokuwa akirekebisha, alikumbuka kitu alichokiona kwa Trizah. Kompyuta ya Trizah ilikuwa mpya kidogo, na Pascal yake ilionyesha programu kwa rangi: maneno ya amri buluu, maneno yaliyofungwa kati ya ritifaa mbili, vile vialama vidogo vya juu ya mstari, mekundu. Dorah alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Trizah siku ile, mate yakimjaa mdomoni. Sasa akajiuliza, kwa nini hifadhi yote isipakwe rangi namna hiyo, hata wale wenye vioo vya zamani wakija kwake waone?

Akaandika programu ya kusoma programu. Ilipita mstari kwa mstari, ikikutana na neno la amri inalipaka buluu, ikikutana na ritifaa inaanza kupaka nyekundu mpaka ikutane na ritifaa nyingine. Shida ilikuwa moja tu. Ndani ya barua za Baraza, programu zilichanganyika na salamu, pole za msiba na maswali ya bei ya modemu. Kompyuta itajuaje kipi ni programu na kipi ni maneno ya watu? Dorah alifikiri, akachora, akafuta, mwisho akaweka sheria rahisi: mstari unaoishia kwa nukta mkato ni programu. Pascal yote inaishia hivyo. Nani mwingine duniani anamaliza mstari kwa nukta mkato?

Alimsahau Mwalimu Masese.

Mwalimu Masese alikuwa amestaafu ualimu wa Kiswahili na kuhamia Uriri, ambako alikuwa katibu wa chama cha wafugaji. Programu hakuijua hata kidogo. Aliposikia kuna Baraza alidhani ni baraza, mahali pa watu kujadili mambo ya umma, akaomba kujiunga, na hakupatikana mwenye ujasiri wa kumwambia ukweli. Kila siku ya soko alikuja Migori na kuketi mbele ya kompyuta ya Dorah, akidonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku kwenye mtama. Barua zake zilikuwa za mtindo wa maazimio. "Kwa kuwa ng'ombe wa wanachama wanakunywa maji machafu; na kwa kuwa daktari wa mifugo haonekani; na kwa kuwa majosho yamekauka;" na kuendelea hivyo hadi chini, kila mstari na nukta mkato yake, safi kama shati la mtihani.

Siku ya soko iliyofuata Mwalimu alifika, akavua kofia, akaomba afunguliwe barua yake ya wiki iliyopita ili aendeleze hoja. Dorah akaifungua, na wote wawili wakainamia kioo.

Barua ilikuwa imewekwa ndani ya kisanduku cha heshima kinachotengewa programu, mbali na barua za watu wengine. Kuanzia kwa yule ng'ombe wa kwanza, maneno yote yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kuvuka maji machafu, kuvuka daktari, kuvuka majosho, hadi mwisho wa ukurasa alipotokea ng'ombe wa pili. Dorah alielewa papo hapo. Ile ritifaa ya ng'ombe! Kompyuta iliiona, ikadhani maneno yamefunguliwa, ikapaka na kupaka ikitafuta pa kufungia.

Alifungua mdomo aeleze. Lakini Mwalimu alikuwa ametoa miwani, ameifuta, ameivaa tena, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, nani amefanya hivi?"

"Ni kompyuta, Mwalimu. Inachagua yenyewe."

"Inachagua." Mwalimu alilitafuna lile neno. "Nimeiandikia wilaya. Nimeiandikia wizara. Leo ndipo nimepata msomaji aliyeona uzito."

Dorah angeweza kusema ukweli wakati huo. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini ule uso wake mtulivu ulikwisha kukaa mahali pake, na kitu kilichokuwa kikimwasha kifuani kilikuwa kilekile cha Kisii na utepe wa taipureta. Akasema tu, "Ndiyo, Mwalimu," akatoka kwenda karakana, akainama nyuma ya kabati lisilo na milango, akacheka hadi Bogonko akaacha randa.

"Umemfanya nini yule mzee?" mumewe aliuliza.

"Mimi? Hakuna. Ng'ombe wake ndiye amefanya."

Disketi zikaenda na gari la mikate, na wiki haikuisha kabla wivu haujaanza. Trizah ndiye aliyeuliza kwanza, kwenye Baraza, mbele ya wote: kwa nini barua ya Mwalimu imepakwa rangi na yake, yenye taarifa muhimu ya saa za kupiga simu kuchukua barua, imeachwa nyeusi kama masizi? Dorah akajibu kwamba kompyuta inachagua. Mwalimu akajibu kwa kirefu kwamba kompyuta inatambua hoja nzito. Cephas akajibu kwamba mashine ya Dorah ina ubaguzi. Lakini walikuwa watu wa programu, wamezoea kutafuta kinachosababisha nini, na kila mmoja kimyakimya akaanza kuchunguza barua ya Mwalimu. Wakaona anaweka nukta mkato. Wakaona anataja ng'ombe.

Basi ng'ombe wakaingia Baraza. Trizah alitangaza saa za simu akaongeza kwamba ng'ombe wa jirani amezaa;. Mwanachama mmoja wa Kendu Bay, aliyekuwa akiuliza habari za printa, alimaliza kwa kuwatakia ng'ombe wote afya njema;. Wengine walijaribu kwa Kijaluo, wakamwita dhiang', naye pia ana ritifaa yake. Na Mkisii mmoja akaandika eng'ombe, ikashika vilevile. Kurasa zikawa nyekundu kama uwanja wa machinjio. Kila Jumatatu Dorah alipozifungua alilazimika kuuma kitambaa, kwa maana wateja walikuwa wakisubiri nakala za vyeti vya kuzaliwa na hawakuona kilichochekesha.

Cephas alikataa kwa muda mrefu kuliko wote. Alisema kwamba yeye ni mtu wa samaki. Lakini moyo wa mtu ni kitu kingine, na programu yake ilikuwa karibu kukamilika, na alitaka siku atakayoituma ionekane kuliko zote. Kwa hiyo mwishoni kabisa, pale ambapo programu inawaaga wavuvi, aliweka maneno yatakayotokea kwenye kioo: Samaki hawali ng'ombe.

Programu ikakataa kwenda.

Jana yake ilikuwa inajumlisha vizuri. Sasa kompyuta ilimwambia kwamba mabano hayajafungwa, na kila alipoyahesabu yalikuwa yamefungwa. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, ya kioo cha kijivu, isiyojua rangi. Akaandika upya, ikakataa. Akaizima akaiwasha, ikakataa. Na kamati ya chama ilikuwa imealika wageni kutoka Kisumu waje kuona maajabu hayo Alhamisi. Jumatatu Cephas alimeza kiburi, akaituma programu nzima kwa Baraza na maneno machache: "Wenzangu, nisaidieni. Nimehesabu mabano mpaka nayaota."

Hakuna aliyejua. Trizah alihesabu mabano akasema yapo sawa. Wa Kendu Bay akasema labda ni virusi. Dorah aliiweka ile programu kwenye hifadhi, lakini siku hiyo alikuwa na watu wa arusi waliotaka kadi, hakuitazama.

Aliyeitazama ni Mwalimu Masese. Alikuja Jumanne, siku ya soko, si kwa ajili ya Cephas bali kupima wekundu wa wengine. Ilikuwa desturi yake siku hizo. Alipitia ukurasa kwa ukurasa kuhakikisha hakuna aliyemzidi. Alipofika kwa programu ya Cephas alikunja uso.

"Dorah mwanangu, njoo. Huyu ng'ombe wa Cephas amechinjwa vibaya."

"Amechinjwaje, Mwalimu?"

"Tazama. Ng'ombe wangu mimi ana kichwa cheusi na kiwiliwili chekundu. Wa huyu kijana kichwa ndicho chekundu, kiwiliwili cheusi. Na baada yake kila kitu kimegeuka, hata mabano yamekuwa mekundu. Ni sahihi hivyo?"

Dorah aliinama juu ya bega lake. Maneno "Samaki hawali ng" yalikuwa mekundu. "Ombe" lilikuwa jeusi. Kisha nyekundu ilianza tena ikameza mabano ya kufunga na kila kilichofuata. Alitazama kwa muda, kisha akapiga paja lake kwa kofi lililowashtua watu wa arusi.

"Mwalimu! Umempata!"

"Nimempata nani?"

Dorah alikuwa tayari ameshika simu. "Cephas," alisema, "sikiliza. Ritifaa ya ng'ombe inafunga maneno yako mapema. Kompyuta inadhani umemaliza kwenye 'ng'. Halafu inaona 'ombe', haijui ni mnyama gani. Na ile ritifaa ya mwisho inafungua mengine, mabano yako yanazama humo. Andika ritifaa mbili, moja baada ya nyingine. Pascal ikiona mbili inajua ni moja ya kuandikwa."

Kule Mbita kidole kiligonga herufi, halafu ikaja kelele kubwa mno.

"Inaenda! Yawa, inaenda! Nyar Kisii, nani aliona?"

"Mwalimu Masese."

"Mwalimu anajua Pascal?"

Dorah alimtazama Mwalimu, aliyekuwa ameketi wima akisubiri kuelezwa alichofanya. "Anajua ng'ombe," alisema.

Mwalimu alipoelezwa, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kumbe ng'ombe wa Pascal anataka pembe mbili. Hilo lingeandikwa tangu mwanzo tusingesumbuka."

Lakini Cephas hakuwa mjinga. Wageni wa Kisumu walipokwisha kuja, wakashangaa na kuondoka, alikaa chini akafikiri. Ikiwa ritifaa inafungua nyekundu ndani ya programu, basi ndani ya barua je? Jioni ileile Baraza zima lilijua kwamba hakukuwa na uzito wowote wala hoja yoyote, na kwamba Dorah Kemuma alijua tangu siku ya kwanza.

Wakamwita Homa Bay. Walikutana nyumbani kwa Trizah, Jumapili baada ya misa, kwa sababu Jumamosi Dorah asingekuja hata kwa dawa. Trizah alipika ngege wa kukaanga, wakala kwanza, maana kesi haisikilizwi kwa njaa. Kisha Cephas akasimama.

"Mimi tangu nitoke shule ni samaki," alisema. "Ng'ombe ninamwona tu akikuja kunywa maji ziwani. Huyu mama amenifanya niweke ng'ombe kwa programu ya samaki!"

"Nani alikuambia umweke?" Dorah aliuliza, uso umetulia kama maji ya mtungi.

"Ulisema kompyuta inachagua maneno ya uzito!"

"Nilisema kompyuta inachagua. Uzito mliongeza wenyewe."

Mtu wa Kendu Bay akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Trizah alijaribu kushika uhakimu. "Mimi nimetangazia watu wazima habari ya ng'ombe wa jirani," alisema, "na jirani hana ng'ombe." Hapo hata Cephas akakaa chini akajifunika uso. Hukumu ilitolewa wakiwa wanafuta machozi: Dorah arekebishe hitilafu, na kwa mwezi mzima barua zake yeye zionekane kwa rangi ya waridi, kila neno, mpaka jina. Tena aiandike amri hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Aliitii. Aliongeza sheria kwamba ritifaa inayofuata "ng" haifungui kitu isipokuwa katika programu ya kweli, na kwamba programu lazima iwe na neno la kuanza na neno la kumaliza. Hifadhi ikatakata. Programu zikawa na rangi zake, barua za watu zikabaki nyeusi, isipokuwa zake, zilizong'aa kama peremende. Kila mtu alisema sasa inasomeka vizuri kuliko kitabu.

Aliyebaki ni mtu mmoja ambaye hakualikwa Homa Bay, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kumweleza.

Siku ya soko Mwalimu Masese alifungua barua yake akaiona nyeusi. Akafungua ya wiki iliyotangulia, nyeusi. Zote nyeusi. Dorah, safari hii, hakwenda karakana. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akamweleza habari yote ya ritifaa na nukta mkato toka mwanzo hadi mwisho, na alipokuwa akieleza alihisi aibu ambayo Kisii hakuihisi kamwe. Mwenyekiti wa Kisii alikuwa na ofisi na kiti cha kuzunguka. Mzee huyu alikuwa na barua zake tu.

Mwalimu alisikiliza hadi akamaliza.

"Kwa hiyo mashine haikusoma."

"Haikusoma, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu alipapasa kofia yake magotini. Nje mtu alikuwa akipigania bei ya kitanda na Bogonko. "Ni nini inachopaka rangi sasa?" Mwalimu aliuliza.

"Programu tu."

"Basi nifundishe programu."

Dorah alidhani ni maneno ya hasira, lakini siku ya soko iliyofuata alikuja na penseli mbili zilizochongwa. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alibishana na Pascal kuhusu sarufi, akasema lugha isiyo na ngeli ni lugha ya wavivu. Ila nukta mkato hakufundishwa, alikuja nazo kutoka nyumbani. Mvua za vuli zilipoanza alikuwa ameandika programu yake ya kwanza. Ilimwuliza mtu jina lake, na kama jina halikuanza na herufi kubwa, ilimgombeza na kumrudisha mwanzo. Katikati ya amri alikuwa ameandika aya ndefu ndani ya mabano ya mawimbi, akieleza kwa nini herufi kubwa ni msingi wa ustaarabu.

Dorah akaiweka kwenye hifadhi. Amri zikatoka buluu, maneno ya kugombeza mekundu, na zile aya ndefu, ukurasa karibu mzima, zikatoka kijani, rangi ambayo Dorah alikuwa ameiongeza.

"Hii ya kijani ni nzuri," Mwalimu alisema. "Ina maana gani?"

"Hayo ni maelezo, Mwalimu. Ni ya binadamu. Kompyuta haiyasomi, inayaruka."

"Hata neno moja haisomi?"

"Hata moja."

Mwalimu Masese aliegemea kiti, akatazama kijani chake kutoka juu hadi chini, wala hakuonekana kuumia.

"Nimefundisha vidato vyote," alisema. "Hilo nimelizoea." Akaivuta kompyuta karibu, akaongeza aya nyingine.